Ndege ya Fundi Majeneza wa Bombambili

Sixbert Luambano ametengeneza majeneza Bombambili kwa miaka thelathini na minne, na katika muda huo wote hajapata mteja aliyerudi kulalamika. Utani huo ni wa vijiwe vya bodaboda, kuanzia sokoni mpaka kwake, na ameusikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi hainui hata uso. Alijifunza useremala kwa mafundi wa misheni, akaanza na meza na vitanda kama wenzake. Lakini meza mtu hununua mara moja akakaa nayo miaka ishirini, na misiba ipo kila wiki. Kazi hiyo hakuichagua. Ilimkuta, akaizoea, ikamwezekea nyumba na kumsomesha binti yake pekee, Edna, ambaye sasa ni muuguzi Dodoma.

Asichokizoea ni jinsi anavyotazamwa. Akiingia dukani kununua sukari, mwenye mgonjwa nyumbani huaga haraka. Akimsalimia mzee njiani na kumwangalia vizuri, mzee hudhani anapimwa. Wapo wanaosema anajua kimo cha kila mkazi wa Bombambili, na ni kweli anakijua, lakini anakijua kama fundi cherehani anavyojua viuno vya watu, bila nia mbaya. Ukimweleza hivyo mtu mwenye homa haelewi.

Kwa Sixbert vipimo haviletwi kwa futi. Ukifiwa, mmoja wa ukoo humpima marehemu kwa kamba toka utosini hadi nyayoni, huikata, huitia mfukoni na kumpelekea fundi. Mwaka wa pili wa kazi aliletewa kamba ya mzee mmoja wa Lizaboni, akatengeneza jeneza sawasawa na kamba ilivyosema. Kumbe aliyepima aliivuta sana, na ilipolegea ikapungua. Mzee hakuenea. Ikabidi magoti yake yakunjwe mbele ya wakwe, na Sixbert alikuwapo, amesimama na nyundo mkononi, akitamani ardhi immeze yeye kwanza. Tangu siku hiyo kila kamba anaiongezea shibiri moja kwenye urefu, na kila upana anauongezea vidole vinne. Haulizi, haelezi. Anachojua ni kwamba hakuna ukoo uliowahi kuaibika msibani kwa sababu jeneza ni kubwa.

Huyo ndiye mtu aliyekuja kutengeneza ndege.

Chanzo chake ni Mwalimu Bashiru, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa Songea kutoka Tanga na kupanga chumba cha uani kwa Sixbert. Jioni moja mwalimu alikuwa barazani akiandaa somo, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha ya ndege ya zamani sana, ya miaka zaidi ya mia iliyopita. Sixbert alipita na ndoo ya maji, akasimama. Aliona mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameshikwa kwa nguzo nyembamba na waya. Aliona kitambaa. Aliona mtu ameketi ukingoni, miguu mbele, kama mtu aliyekaa kwenye baraza la nyumba yake.

"Mwalimu, hii ni kazi ya mbao," alisema.

"Mbao, mianzi na kitambaa tu, fundi. Hakuna bati humo."

"Na injini?"

"Iko nyuma, mgongoni kwake. Panga lake la kusukumia hewa pia liko nyuma. Haivutwi hii, inasukumwa."

"Kwa hiyo mbele yake hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Mbele ni macho yako tu."

Sixbert aliweka ndoo chini. Ndege alikuwa ameziona nyingi zikitua uwanjani Songea, na siku zote aliwahurumia abiria kwa vile vidirisha vya kuchungulilia. Hii ilikuwa kitu kingine. Wazo hilo halikuishia usiku huo. Alikwenda nalo kazini kesho yake, akaenda nalo kanisani Jumapili, na mwisho wa wiki alimwambia mkewe alichokuwa akikitaka. Alitaka kukaa pale mbele, hata kwa muda mfupi, aone kilima cha Matogoro, mabati ya mji, mnara wa kanisa na paa la karakana yake. Kwa miaka yote hiyo mji ulikuwa ukimtazama yeye. Alitaka mara moja tu autazame mji, na mji usimtazame.

Mkewe, Kunegunda, ndiye mshonaji wa karakana. Bitana za majeneza, mito midogo ya kulalia kichwa, shela nyeupe za pembeni, zote zinatoka kwenye cherehani yake ya miguu. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kitambaa kitahitajika mita ngapi?" aliuliza.

Mwalimu Bashiru alichora kwenye karatasi sita za manila, akaweka kila kipimo kwa wino mwekundu. Alikuwa mtu wa hesabu safi, na hilo lazima tulikumbuke kwa haki yake. Mabawa yalikuwa na urefu wa mita nane. Mbele ya kiti palikuwa na bawa dogo la kuinulia na kushushia pua. Nyuma kulikuwa na mianzi minne mirefu, miwili juu na miwili chini, inayokwenda kushika mkia, na panga lilizunguka katikati ya mianzi hiyo. Hapo ndipo mwalimu alipopigia mstari mara mbili. Panga lisiguse mwanzi hata kwa bahati mbaya.

Mianzi Sixbert aliifuata Madaba, akaifuata vibaya, maana alikwenda mwezi wa pili, wakati ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa. Mama mmoja mwenye kichaka kizuri alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha kopo moja, kisha akamwambia kwamba mtu anayeomba kukatiwa mianzi wakati wa kugema inafaa aulizwe kama kwao wapo salama. Alirudi mwezi wa nane, akakatiwa mianzi iliyokomaa, ya miaka mitatu, akaisafirisha juu ya lori la viazi. Boriti za mabawa alizipasua kutoka kwenye paini. Mbavu za kulipa bawa mgongo alizikunja kwa mvuke wa sufuria ileile aliyokuwa akipikia gundi. Panga alilichonga kwa mninga, mbao anayowawekea matajiri. Injini ilitoka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu iliyokuwa ikibeba tofali hadi ilipokatika fremu, na magurudumu yalikuwa ya baiskeli.

Kunegunda alishona mabawa kwa kitambaa cha marekani. Aliyashona kama foronya, akayavalisha mbavu zake, kisha akayapaka uji mwepesi wa muhogo ili yakaze, na juu yake vanishi. Yalipokauka yalilia ukiyapiga kwa kidole. Waya za kukazia, ambazo zilikuwa zaidi ya arobaini, nazo alizisimamia yeye. Kunegunda ni sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango kwa miaka mingi. Alikuwa akipita na kijiko, anagonga waya mmoja, anagonga wa pili, anamwambia mumewe, "Huu umelegea, unaimba chini." Mwalimu alileta kifaa cha kupimia mkazo, akakijaribu kwa siku mbili, akakirudisha shule.

Kazi ilichukua miaka minne, kwa sababu watu hawakuacha kufa. Kamba ikiletwa, ndege inasukumwa pembeni. Mtaani mambo yalisemwa. Wanakwaya walimuuliza Kunegunda kama naye atapanda, akawajibu kwamba yeye anamfahamu mume wake, na vyote anavyotengeneza, anayeingia hatoki. Walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akaahirisha mazoezi. Mtendaji wa kata alikuja naye, akazunguka banda la karakana mara mbili, akauliza kama kitu hiki kina kibali. Mwalimu Bashiru alimweleza kwamba hakitapanda juu kuliko mlango. Mtendaji alifikiri. Akasema kitu kisichopita mlango si ndege, wakijaribie mbali na nyumba za watu, na kwamba yeye hakufika hapo. Hakuandika chochote.

Siku ya kuunganisha walikuwa shambani kwa Tadei, kaka yake Kunegunda, upande wa Mletele. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na Tadei alikuwa amewasawazishia njia ya hatua mia nne. Waliifunga mianzi, wakafunga mkia, wakapachika panga. Mwalimu alilishika kwa mikono miwili alizungushe taratibu. Likaenda robo, likagonga mwanzi wa juu, likakaa hapo.

"Fundi," alisema Mwalimu Bashiru, "hebu niletee futi."

Kila upande wa panga ulikuwa umezidi shibiri moja. Nafasi kati ya mianzi ilikuwa imezidi vidole vinne. Mwalimu alipima mara ya pili, kisha akaondoka pale kwenye panga akaanza kupima vingine. Boriti za mabawa, shibiri. Mianzi ya mkia, shibiri. Nguzo, shibiri. Kiti chenyewe kilikuwa kimeongezwa vidole vinne kila upande, na kilimtosha Sixbert vizuri sana.

"Nilikuandikia mita nane."

"Nimeziona."

"Sasa hizi za ziada umezitoa wapi?"

Sixbert alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza maishani ilimbidi aieleze shibiri yake kwa mdomo, na ilipotoka mdomoni haikuwa na maana ileile iliyokuwa nayo mkononi. Alisema kupungukiwa ni aibu. Mwalimu, ambaye siku hiyo angeweza kusema mengi, alisema tu kwamba waazime mizani ya mahindi ya Tadei.

Waliifungua ndege yote, wakaipima kipande kwa kipande kama magunia. Mchoro ulisema kilo mia moja na sabini. Mizani ilisema mia mbili na kumi na tano. Mwalimu aliandika, akajumlisha tena, akafunga daftari.

"Fundi, humu ndani kuna mtu mzima ambaye hata hajapanda."

Panga lilikatwa, hilo halikuwa na mjadala. Sixbert alilibana mwenyewe, akapitisha msumeno pande zote mbili, na kila aliyekuwapo aliona kwamba anaumia. Vingine havikuwezekana kukatwa bila kuanza upya, na mwalimu alisema mabawa marefu si hasara yote, yanabeba zaidi, tatizo ni injini ya kuyasukuma. Songea iko juu, hewa yake ni nyepesi, na injini iliyozoea kubeba tofali nayo inachoka. Alikokotoa kurasa tatu, akatoa jibu ambalo hakulipenda. Ndege ingeinuka. Lakini aliyepanda asizidi kilo hamsini na tano.

Sixbert alikuwa na tisini na moja.

Alijaribu hata hivyo. Alikaa kwenye kiti chake kipana, akavuta resi, akalipita shamba lote kwa mwendo wa pikipiki, magurudumu yakigonga kila tuta, akafika mwisho akiwa chini vilevile. Akageuzwa, akarudi, chini vilevile. Akaacha ugali. Kwa wiki tano alikula mboga za majani, maembe mabichi na hasira, akashuka hadi themanini na nne, akajaribu tena. Safari hii magurudumu ya mbele yaliinuka kiasi cha mtu kupitisha kiatu, ya nyuma yakakataa. Watu waliosimama kandokando ya shamba walipiga makofi ya kumfariji. Alichukia makofi hayo kuliko utani wote wa vijiweni.

Katikati ya mwezi wa nane Mwalimu Bashiru alipata barua ya uhamisho. Aripoti Mtwara tarehe mbili Septemba. Mtu mwingine aliyeielewa michoro ile Songea nzima hakuwepo, na mvua za Novemba zingeulegeza uji wa muhogo hata kama vanishi ingevumilia. Kilichosalia kilikuwa wiki mbili. Vijana wa bodaboda, ambao wengi wao ni wepesi kama kuni kavu, walijitolea kwa zamu, mmoja hata alikuja na kofia yake ngumu kichwani. Sixbert aliwakatalia wote.

"Mtoto wa watu simweki humo," alisema. "Akianguka nitawaambia nini? Hata jeneza sitaweza kuwauzia."

Akaamua aivunje. Mninga ule ungetoa msalaba, paini ingetoa majeneza matatu ya watoto, kitambaa kingerudi kwenye kazi yake. Alimwambia hivyo mkewe mchana, wakiwa karakanani, yeye anapiga randa, mkewe anachambua maharage. Kunegunda aliendelea kuchambua.

"Juzi nilikwenda kupima presha," alisema. "Wakanipima na uzito. Arobaini na tisa."

Sixbert aliacha randa.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Umesema."

"Basi nimesema. Miaka minne nimeshona, Baba Edna. Macho yangu yamekwisha kwenye ile marekani. Siwezi kuona imechanwa kuwa bitana kwa sababu ya kitambi chako."

"Wewe si ndiye uliyesema anayeingia kwenye vitu vyangu hatoki?"

"Hii haina kifuniko," alisema Kunegunda.

Sixbert alikataa kwa siku nne. Aliwaambia watu kwamba anamwonea huruma mkewe, mama wa miaka hamsini na mitano, na kweli aliogopa, usiulize. Lakini chini ya woga palikuwa na kitu kingine, na hicho hakukiungama hata kwa padre. Alikuwa na wivu. Alimwona Kunegunda akitoka sokoni na kikapu, akamwona akiimba kwenye misa ya pili, na kila alipomwona alimwonea wivu kwa kilo zake arobaini na tisa. Mwanamke huyo hakuwahi kutamani kuona Matogoro kutoka juu. Hakuwahi kutamani kuona chochote kutoka juu, na ndiye angeona. Siku ya tano wivu ulizidiwa na hesabu. Mmoja wao aende, au asiende yeyote.

"Utatazama," alimwambia. "Ukifika kule juu, tazama. Anza na Matogoro, halafu geuza macho mjini. Utaniambia kila kitu, usiruke."

"Nitakuambia," alisema Kunegunda.

Mwalimu alimfundisha jioni tatu, ndege ikiwa imefungwa kamba kwenye mti. Miguu yake, iliyotakiwa kugeuza mkia kwa kanyagio, ilielewa haraka kuliko ya mumewe, kwa sababu imeshinda kwenye kanyagio la cherehani tangu ujana. Mkono wa kushoto kwenye resi, wa kulia kwenye mpini wa pua. Kilichowasumbua kilikuwa muda. Njia ilikuwa hatua mia nne tu. Akikaa juu sana angemaliza shamba na kuingia kwenye mihogo ya jirani.

"Mama, magurudumu yakinyamaza ujue umeinuka," alisema Mwalimu Bashiru. "Hapo hesabu sekunde kumi, kisha punguza resi kidogo kidogo. Itashuka yenyewe, inshallah."

Walimjaribu injini ikiunguruma. Kunegunda alihesabu kumi, na simu ya mwalimu ikasema sekunde tatu. Wakarudia. Sekunde nne. Mwalimu alijaribu kumfundisha aseme namba ndefu ndefu, ikawa vibaya zaidi. Ndipo Sixbert aliposema neno lake, na wote wakaliona la maana.

"Asali Salamu Maria moja. Ile ya jumuiya, ya polepole. Hiyo hata nyumba iungue haendi mbio."

"Salamu Maria moja ina sekunde ngapi?" aliuliza mwalimu, ambaye alikuwa ameishi uani kwa Wakatoliki miaka minne na hajawahi kuwa na sababu ya kujua.

Hakuna aliyejua. Kunegunda akasali, simu ikihesabu. Sekunde kumi na mbili. Akasali tena injini ikiwa imekaza resi yote. Kumi na mbili. Mara ya tatu, kumi na mbili.

"Wallahi hii ni saa," alisema Mwalimu Bashiru, akaiandika kwenye daftari.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane asubuhi hakukuwa na upepo. Kulikuwa na watu kama hamsini shambani, na Tadei alikuwa ameegesha gari lake dogo la mizigo likitazama barabara, godoro likiwa ndani, bila kumwambia mtu ni la nini. Kunegunda alikuja na viatu vya kanisani na suruali ya Edna chini ya kitenge. Alifika kwenye ndege akapita na kijiko, akagonga waya zote, akamwonyesha mumewe mmoja wa nyuma akaukaza. Kisha akapanda, akaenea nusu ya kiti. Sixbert alimfunga mkanda wa ngozi kiunoni. Alikuwa na mengi ya kusema, akasema moja.

"Usisahau kutazama."

Kunegunda aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alilizungusha panga mara moja, mara mbili, likashika. Vumbi likawafunika waliokuwa nyuma. Ndege ikaondoka, na Sixbert akaifuata mbio, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alikimbia katika vumbi, hasikii ila injini. Aliona magurudumu yakigonga matuta, tuta kwa tuta, halafu akayaona yanazunguka bila kugonga kitu. Mwanga ukaonekana chini yake. Akaona matuta yakipita pale katikati, kati ya gurudumu na kivuli chake, na nafasi ile ikaongezeka. Ikafika kiunoni kwa mtu. Ikapita kichwani. Kama mtendaji angekuwapo, angelazimika kukiri kwamba mlango umepitwa.

Alisimama. Pumzi zilikuwa zimemwisha. Ndege ilikwenda mbele yake ikiwa imenyooka, mabawa mawili meupe na mkewe katikati, mgongo wima kama yuko kwenye benchi la kwaya. Sixbert hakuona wivu tena. Alitazama ile ndege kwa furaha ambayo hakuwa amejiandaa nayo, na mdomoni, bila kufahamu, naye alikuwa akisali. Alipofika "Mama wa Mungu" sauti ya injini ilipungua. Ndege ikainama, ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, na ncha ya bawa la chini upande wa kulia ikapiga kichuguu na kuvunjika. Ikasimama.

Vigelegele vilitoka shambani kote. Waliofika kwanza walikuwa vijana, wakataka kumbeba Kunegunda, akawakataza. Akafungua mkanda mwenyewe, akashuka, akakung'uta kitenge. Mwalimu Bashiru alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, anacheka, anasema namba. Hatua mia moja na sitini. Sixbert alifika wa mwisho, anatweta, jasho na vumbi vimemfanya tope usoni. Akamshika mkewe mikono yote miwili.

"Haya, niambie."

"Nikuambie nini?"

"Ulichokiona. Anza na Matogoro."

Kunegunda alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Baba Edna, si mmeniambia nisali? Salamu Maria inasaliwa macho wazi tangu lini? Nilifumba."

"Yote?"

"Yote. Nimefumbua tuliposhuka."

Sixbert aliendelea kumshika. Alimchunguza usoni, jicho moja, halafu la pili, kama mtu anayetafuta kitu ambacho lazima kimebakia humo, hata kidogo, hata paa la karakana. Kisha akamwachia mikono, akakaa kwenye tuta la mahindi mbele ya watu hamsini, akalia kwa sauti. Katika misiba yote aliyosimamia, watu hawakuwahi kuliona chozi lake. Makofi yakapungua, yakakoma.

Kunegunda aligeuka akatazama bawa lililovunjika, mbao nje, kitambaa kimechanika mpaka kwenye ubavu wa tatu. Akamrudia mumewe, akainama, akamshika bega.

"Nyamaza, Baba Edna, watu wanaangalia," alimwambia. "Kitambaa kipo. Nitashona."